Kukimbia na Kukimbilia

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusimama mbele ya darasa akifundisha kauli ya kutendea. Piga huwa pigia; soma huwa somea. Aghalabu kauli hiyo humleta mtu anayefanyiwa tendo. Lakini kipo kitenzi kimoja ambacho kwacho hufanya kazi ya ajabu, nayo ni kumgeuza mtendaji uso. Akimbiaye moyo wake uko nyuma, kwenye kile kinachomfukuza. Akimbiliaye macho yake yako mbele, kwenye kile anachokitafuta. Miguu ni ile ile, jasho ni lile lile, hata miiba ya njiani haikupungua.

Kutokana na mzizi huo tumepata maneno mawili ambayo Mkristo msomaji wa Zaburi hana budi kuyatafakari pamoja. La kwanza ni mkimbizi. La pili ni kimbilio, ambalo Biblia ya Kiswahili humwita Mungu kwalo. Naamini kwamba katika umbali ulio baina ya maneno hayo ndimo imani inamofanyia kazi yake, na sijui mahali panapolidhihirisha jambo hili kuliko Turkana.

Hebu tuitazame historia. Serikali ya kikoloni ilipotaka kumtupa mtu asionekane tena, ilimpeleka Turkana. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walifungwa Lokitaung, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar, alikokaa hadi mwaka 1961. Kwa watawala wale, huo ulikuwa mwisho wa dunia. Hata leo wapo walimu ambao barua ya kupelekwa huko huipokea kama hukumu ya mahakama. Lakini mwaka 1992 maelfu ya watoto wa Sudan, waliokuwa wamevuka nyika kwa miguu wakiwapoteza wenzao kwa risasi, njaa na wanyama wakali, walifika katika nchi hiyo hiyo yenye jua kali na vumbi, wakapiga kambi Kakuma kando ya mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kwao huo haukuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kulala bila kusikia bunduki.

Miongoni mwa watoto wa Kakuma alikuwamo Lopez Lomong. Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka sita, alinyakuliwa na wapiganaji wakati wa Misa kijijini kwao Kimotong. Alitoroka pamoja na wavulana watatu waliomzidi umri, wakakimbia siku tatu hadi Kenya. Wazazi wake waliamini kwamba amekufa. Alikaa Kakuma miaka kumi. Mwaka 2000 alimwona kwenye televisheni Michael Johnson akishinda mbio za mita 400 huko Sydney, na tangu hapo mbio zikapata maana nyingine kwake. Mwaka 2001 alichukuliwa kwenda Marekani, na mwaka 2008 akaibeba bendera ya nchi hiyo katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Katika kitabu chake cha mwaka 2012 anasimulia kutoroka kwake kama kazi ya mkono wa Mungu. Mwenye shaka ataiita bahati. Mimi sina ubishi naye; ninaloliona ni kwamba Lomong alipotazama nyuma hakumwona aliyemteka peke yake, aliwaona pia wale wavulana watatu waliomshika mkono.

Habari ya Rose Nathike Lokonyen inatugusa zaidi sisi walimu. Alifika Kakuma mwaka 2002 akiwa mtoto. Baadaye wazazi wake waliondoka, naye akabaki akiwalea wadogo zake. Ni mwalimu wake aliyemshauri ashiriki mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi, na akatokea wa pili. Mwaka 2015 aliteuliwa kujiunga na kambi ya mazoezi ya Tegla Loroupe kule Ngong, na mwaka uliofuata akaongoza kwa bendera timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, Rio de Janeiro. Wanariadha kumi walikuwa katika timu hiyo, watano kati yao kutoka Kakuma. Mkimbizi alikuwa amekuwa mkimbiaji, na mwanaisimu hawezi kuyapita maneno hayo bila kutabasamu.

Hata hivyo, niseme wazi lisilonipendeza katika mahubiri mengi ya siku hizi. Mhubiri husimama akiwa ameshiba, akamwambia mwenye njaa abadili mtazamo. Hiyo si imani, ni dhihaka. Lomong na Rose ni wawili. Waliobaki Kakuma ni mamia ya maelfu, na mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Waturkana wenyewe, wenyeji wa nchi hiyo, walishuhudia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwaka 2020, na mifugo yao ikaangamia. Zaburi haziwaambii watu hawa kwamba shida ni ndogo. Watunzi wake walilia, wakalalamika, wakamuuliza Mungu amejificha wapi, kisha wakaendelea kumwelekea yeye yule waliyemlalamikia.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Mtakatifu Patriki walipofika Lodwar mwaka 1961 walikuta njaa. Walianza kwa kugawa chakula. Shule, zahanati na visima vikafuata. Huo ndio mpangilio ninaouheshimu. Vyama vya wanafunzi Wakristo katika shule na vyuo vyetu hukesha vikiwaombea wakimbizi, na ni jambo jema. Mkesha ujao uanze kwa kila mwanachama kuleta kitabu kimoja cha kiada na daftari tupu, kwani Kakuma yamo madarasa yenye watoto zaidi ya mia moja, na lori la kwenda Lodwar hupatikana Kitale.