Kenya: Alama za vidole zilizowanyima raia vitambulisho

Katika kaunti ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, vijana wengi waliotimiza miaka 18 wamekwenda kuomba kitambulisho cha taifa na kurudi mikono mitupu. Wazazi wao ni raia wa Kenya, lakini alama zao za vidole zilikuwamo tayari katika kanzidata ya wakimbizi.

Chanzo chake ni cha miaka mingi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 kupokea Wasomali waliokimbia vita. Ukame ulipozidi, baadhi ya familia za Kenya zilizoishi jirani ziliwaandikisha watoto wao kambini ili wapate chakula, matibabu na shule.

Kanuni ya upekee

Kanzidata hupangwa kwa majedwali: kila mtu ana mstari wake, na kila taarifa ina safu yake. Mtengenezaji anaweza kuagiza kwamba katika safu fulani, kwa mfano ya namba ya kitambulisho, pasiwe na thamani inayojirudia. Tangu hapo, anayeingiza namba iliyokwisha kutumika hukataliwa na kanzidata yenyewe. Kutegemea jicho la karani hakutoshi, kwani makarani wawili, mmoja Garissa na mwingine Mombasa, wanaweza kuitafuta namba ileile kwa wakati mmoja, wasiione, kisha wote wawili wakaiandika.

Jina halifai kwa kazi hiyo, kwa sababu watu wengi huitwa jina moja. Ndiyo maana serikali hutegemea alama za vidole, ambazo kompyuta huzilinganisha kwa kupima kiasi cha kufanana kwake.

Kanuni inapokoma

Hata hivyo, kanuni hii hujibu swali moja tu: je, thamani hii imo tayari? Haijui ni maandishi yapi yaliyo ya kweli, ya kwanza au ya pili. Huko Garissa yaliyotangulia ndiyo yaliyoshinda, ingawa yaliandikwa mhusika akiwa mtoto asiye na kauli. Bila kitambulisho, kijana huyo hawezi kupiga kura, kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake.

Serikali imewahi kuendesha uhakiki ili kuwatenganisha raia na wakimbizi, na suala hilo limefikishwa pia mahakamani. Kanzidata inaweza kuzuia mtu mmoja asiandikwe mara mbili. Kuamua mtu huyo ni nani hubaki kuwa kazi ya binadamu, na anayekataliwa na mashine anastahili kupata mahali pa kusikilizwa.