Papai si Tufaha: Kuchemsha Sana Hakutoshi

"Nichemshe kwa saa ngapi ndipo isiharibike?" Kila msimu wa matunda swali hili huzuka upya katika vikundi vya akina mama vya Homa Bay, kuanzia Rangwe kwenye mananasi hadi Karachuonyo kwenye maembe. Limejibiwa na kujibiwa tena, na bado linarudi, kwa sababu anayeuliza anataka kutajiwa saa. Saa hizo hazipo. La kuuliza ni hili: tunda lililo ndani ya sufuria lina uchachu kiasi gani?

Mkanganyiko umeongezeka tangu mapishi ya siagi ya tufaha yaanze kupita kwenye simu. Hiyo ni siagi isiyo na maziwa. Ni rojo la tufaha linalopikwa polepole kwa mdalasini na karafuu hadi liwe zito na la hudhurungi, kama wanavyolipika wakulima wa Pennsylvania, Marekani. Tufaha zinazouzwa Kenya nyingi zinatoka Afrika Kusini na bei yake inauma, ilhali papai linaiva nyuma ya nyumba. Basi mpishi huondoa tufaha, huweka papai, na mengine yote huyaacha yalivyoandikwa. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Uchachu hupimwa kwa pH, na namba ikishuka uchachu umepanda. Tufaha huwa kati ya 3.3 na 4. Nanasi haliko mbali na hapo. Papai lililoiva huvuka 5, na embe lililoiva sana laweza kupita 4.6. Namba hiyo ya mwisho, 4.6, ndiyo mpaka ambao wataalamu wa usindikaji duniani kote huuheshimu. Chini yake, asidi ya tunda humlinda mlaji. Juu yake, rojo lililofungwa kwenye chupa halina mlinzi.

Imani inayopaswa kung'olewa ni kwamba moto ukikolea, kila kijidudu kinakufa, na chupa ikifungwa ingali moto mambo yamekwisha. Si kweli. Udongoni mnaishi bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Akibanwa na joto au ukavu hujifungia ndani ya spora, na spora hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Viwandani huangamizwa kwa mvuke wenye presha, kwa joto la nyuzi 121. Ziwa Victoria, ambalo Homa Bay iko ufukweni mwake, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Rojo zito huzidi hapo kidogo tu. Hata Mombasa, ambako maji hufika 100, joto hilo halitoshi. Chemsha kutwa nzima: kuni zitakwisha, spora zitabaki.

Tena kuchemsha kunaweza kumtengenezea bakteria huyu makao. Moto hufukuza hewa ndani ya rojo na kuua vijidudu vingine ambavyo vingeshindana naye. Kifuniko kinachobana huzuia hewa kurudi. Bakteria anayechukia oksijeni hupata chumba kisicho na hewa, chenye unyevu, joto la kawaida na uchachu mdogo, na ndani ya chumba hicho huzalisha sumu inayolegeza misuli. Dalili mara nyingi hujitokeza kati ya saa 12 na 36 baada ya kula: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, kushindwa kumeza, kisha pumzi kukatika. Rojo lenyewe laweza kunukia vizuri na kuwa na ladha ileile. Kwa hiyo kuonja kwa ncha ya kijiko ili kuhakikisha usalama ni kucheza na uhai.

Asiseme mtu kwamba ugonjwa huo, botulismi, ni wa Wazungu na mikebe yao. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha taarifa ya mkasa wa botulismi uliotokea Kenya baada ya watu kula kumbikumbi.

Mbona basi jamu ya kawaida hukaa kabatini miezi bila kudhuru? Kwa sababu ya sukari. Sheria ya Marekani hutaka jamu iwe na angalau asilimia 65 ya vitu vilivyoyeyuka, sehemu kubwa ikiwa sukari, ambayo huyashika maji hata bakteria huyu asipate ya kutosha. Siagi ya matunda hutakiwa kufika asilimia 43 tu. Anayepika papai kwa mtindo wa siagi, akapunguza sukari kwa ajili ya afya na asitie ndimu, ameondoa kinga zote mbili kwa mkupuo mmoja. Viazi vitamu vya Kabondo navyo vina uchachu mdogo zaidi kuliko tufaha; rojo lake ni tamu kwa mkate, lakini lisifungwe kwenye chupa nyumbani.

Njia zilizo salama ni hizi. Pika nanasi au tunda la pasheni, yenye uchachu wake. Kwa papai na embe, tia maji ya ndimu au asidi ya sitriki, koroga, upime kwa karatasi za pH au mita ndogo hadi ishuke chini ya 4.2; ulimi si kipimo. Ukipika jamu kamili, usingoje nyuzi 104 za vitabu vya pwani: kando ya ziwa hushika kwenye 100 au 101, na ukizidisha itaungua. Chemsha chupa, jaza rojo likiwa moto, funga, kisha zichemshe tena zikiwa zimezama majini. Huna kipimo? Weka kwenye friji na ule ndani ya wiki mbili. Huna friji? Pika ya siku hiyo. Chupa yenye ukungu itupwe yote, kwa kuwa ukungu hula asidi. Na kikundi kinachotaka kuuza kiende kwa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) kabla ya kuchapa lebo.

Kwa anayeuza rojo la papai sokoni Oyugis au Mbita, kipimo cha pH ni kifaa cha lazima kama sufuria yenyewe. Asiye nacho asifunge chupa.