Pendekezo linaandikwa na AI, lakini ahadi ni zako

Kama unafanya kazi za matangazo hapa Isiolo, yaani kupiga picha, kuendesha kurasa za Facebook za maduka au kuchora mabango, unajua kizingiti si kazi yenyewe. Kizingiti ni pendekezo: zile kurasa nne tano za kumweleza mteja utamfanyia nini, lini na kwa pesa ngapi. Na mteja mkubwa hulitaka kwa Kiingereza cha suti na tai.

Kwa miaka mingi Kiingereza hicho kilikuwa mali ya kampuni za Nairobi. Kijana aliyeacha chuo njiani, kama mimi, angeweza kupiga picha kuwashinda, lakini akaanguka kwenye karatasi. Halafu Novemba 2022 ChatGPT ikaingia. Siku hizi unaandika mistari mitatu kwa simu, na kabla chai haijapoa una kurasa tano zinazonukia ofisi ya Westlands. Wapo wanaoita huo udanganyifu. Mimi naona ni mlango umefunguliwa, na ulichelewa.

Shida ni kwamba jirani yako pia kapitia mlango huohuo. Mteja akiita watu watano, anapokea mapendekezo matano yanayofanana kama mapacha. Yote yanamwambia kwamba dunia imekuwa ya kidijitali. Yote yanamwahidi "kukuza chapa" yake. Sasa achague nini? Bei ya chini, basi. Na hapo ndipo sote tunaumia.

Chukua mfano wa kikundi cha akina mama wauza maziwa ya ngamia. Iulize AI bila maelezo, na kuna uwezekano mkubwa itakupa kampeni ya Instagram kwa vijana wanaojali afya. Sawa, inapendeza. Lakini maziwa mengi ya hapa hupanda basi kwenda Eastleigh, na mnunuzi wa kule hajali picha ya machweo. Anataka kujua madumu mangapi yamepakiwa, yalikamuliwa saa ngapi, na kama yatafika kabla hayajaharibika. Mvua ikinyesha maziwa yanafurika na bei inashuka. Kiangazi kikibana, mambo yanageuka. Pengine dawa ni kundi la WhatsApp la wauzaji wa Eastleigh na tangazo la redio kwa Kiborana na Kisomali. Hilo hulipati kwa kuketi na simu. Unaenda, unakaa na akina mama hao, unauliza, halafu ndipo unaipa mashine daftari lako ikunyooshee lugha.

Tena mashine hizi hukisia. Zinapanga neno linaloelekea kufuata lingine, na pale zisipojua hazinyamazi. Ukiiambia iandike kuhusu utalii wa Isiolo, usishangae ikikuwekea mbuga ya Samburu kana kwamba ni yetu. Zetu ni Shaba na Buffalo Springs. Samburu iko ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, kaunti nyingine kabisa. Afisa wa utalii akisoma kosa hilo ukurasa wa kwanza, wa pili hafungui.

Na si sisi wadogo tu tunaonaswa. Mwaka 2025 Deloitte, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi za ushauri duniani, ilikubali kurudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya ripoti iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo. Ripoti ilikuwa imetaja tafiti ambazo hazipo, na AI ilitumika kuiandaa. Wao wanaweza kurudisha hela na maisha yakaendelea. Wewe je?

Kosa la mbuga angalau linaonekana. Linaloniogopesha zaidi ni ahadi. AI hupenda kuandika "timu yetu ya wataalamu", "ripoti kila wiki", "uzoefu wa miaka kumi". Timu gani, na mko wawili na kamera moja ya kuazima? Mteja akikubali, maneno hayo yanaweza kuingia kwenye mkataba. Kwa tenda za serikali ni moto zaidi. Mpango wa AGPO, ulioanza 2013, unatutengea asilimia 30 ya zabuni sisi vijana pamoja na wanawake na watu wenye ulemavu, ila sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu mdanganyifu kufungiwa nje. "Ni AI iliandika" si utetezi.

Jambo jingine, kwa ufupi: mteja akikupa orodha ya namba za wateja wake au taarifa yake ya M-Pesa, usiibandike mle ndani. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Bei nayo sijawahi kuiachia mashine. Ikiniwekea hesabu ya kwenda kurekodi video Merti, inaweka "usafiri" mstari mmoja, imemaliza. Mimi naandika gari, mafuta, malazi, mkalimani wa Kiborana, bando, na siku moja ya ziada mvua ikikata barabara. Mteja akiuliza ya nini, namweleza. Wa hapa hata haulizi.