Kukoroma si Ushahidi wa Usingizi Mwema

Katika nyumba zetu mtu akikoroma huchekwa. Husemwa kwamba amelala fofofo, kazi imemchosha, na aachwe apumzike. Kesho yake akisinzia mbele ya mashine, au akiwa ameshika usukani wa lori, kicheko hugeuka lawama: huitwa mvivu, mlevi, mtu asiyejali kazi. Sisi twasema kwamba huenda hukumu zote mbili si za haki.

Yapo maradhi ambayo madaktari huyaita apnia ya usingizi. Mtu alalapo, misuli ya koo hulegea. Aliye na njia nyembamba ya hewa huzibwa koo, na pumzi yake hukatika kwa sekunde 10 au zaidi. Damu hupungukiwa na hewa safi, ubongo hushtuka, naye huvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Kisha hulala tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Katika hali mbaya jambo hilo hutokea mara 30 na zaidi kwa kila saa. Je, mtu aliyeshtuliwa hivyo usiku kucha amepumzika?

Si kila akoromaye ana maradhi haya. Lakini mwili una alama zake, nazo huonekana hata mchana. Ya kwanza ni shingo. Fundi cherehani apimapo kola akaona inchi 17 au zaidi kwa mwanamume, au inchi 16 kwa mwanamke, na mtu huyo ni mkoromaji, yafaa amwone daktari. Mafuta ya mwili hubana koo kwa ndani kama yanenepeshavyo shingo kwa nje.

Wala mwembamba asijivune. Taya dogo, kidevu kilichorudi nyuma, ulimi mkubwa na mafindofindo yaliyovimba, yote hupunguza nafasi ya hewa. Mtu akipanua kinywa mbele ya kioo na kutoa ulimi, asikione kimio chake, ajue kwamba njia yake ni finyu. Hata mtoto akoromaye kila usiku huku kinywa ki wazi yapasa atazamwe koo.

Zipo na dalili nyingine: shinikizo la damu lisiloshuka hata kwa dawa, kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, na kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo. Lakini shahidi mkubwa ni mke au mume aliye kitandani, aliyesikia mkoromo ukikoma ghafula, kimya kikatanda, kisha pumzi ikarudi kwa kishindo. Shahidi huyo asinyamaze.

Tiba ipo. Kupunguza unene, kuacha pombe wakati wa kulala, na kulala ubavu huwasaidia wengi. Kwa walio na hali mbaya, tangu mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Australia walipotangaza kazi yao, iko mashine ipulizayo hewa puani ili koo lisizibe. Bei yake ni kubwa kwa mfanyakazi wa kawaida, na jambo hilo wanaopanga bima na matibabu hawana budi kulifikiria.

Twajua kwa nini wengi hufichana. Dereva huogopa kwamba akisema anasinzia, atapokonywa usukani na watoto wake watalala njaa. Kwa hiyo hunyamaza, na abiria hubeba hatari asiyoitaja. Tukitaka aseme kweli, yatupasa kumhakikishia kwamba atapelekwa hospitali kabla ya kupelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na kwamba akitibiwa atarudi kazini.

Msimamizi amwonaye mtu akisinzia kila siku na aulize kwanza analalaje. Uvivu tutaendelea kuupiga vita, lakini mgonjwa si mvivu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tusiwe watu wa kumfanya ayafiche.