Daktari Aliyekanyaga Bomu

Mpwa wangu alikuja likizo akiwa na kompyuta iliyojaa tamthilia, na jioni moja tukaketi sebuleni hapa Nyamirambo, chai ya tangawizi mkononi, kumtazama mtoto wa wilaya yetu akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Hakuondoka hapo karibu kipindi kizima. Chai ilipoa.

Mtoto huyo ni Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Nyarugenge, Kigali, tarehe 15 Oktoba 1992. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, familia yake ilikimbia na hatimaye ikatulia Uskoti. Huko akakua, akasomea uigizaji mjini Glasgow, na Mei 2022 BBC ikatangaza kwamba yeye ndiye Daktari mpya wa Doctor Who. Waingereza wakaanza kujifunza kutamka jina ambalo hapa kwetu halimsumbui mtoto wa chekechea: Ncuti, rafiki.

Kwa asiyeijua Doctor Who, ni tamthilia ya kisayansi iliyoanza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963, ikasimama mwaka 1989, ikafufuliwa 2005. Daktari si binadamu. Ana mioyo miwili, anasafiri katika wakati na anga kwa kibanda cha polisi cha buluu ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje, na anapokaribia kufa mwili wake hubadilika, akawa mtu mwingine mwenye kumbukumbu zilezile. Ujanja huu ndio umeiwezesha hadithi kuishi zaidi ya miaka 60 huku waigizaji wakija na kuondoka. Gatwa, Daktari wa 15 kwa hesabu rasmi, ni mweusi wa kwanza kushika usukani wa mfululizo wenyewe. Alianza Desemba 2023 na kuaga Mei 2025. Jambo moja zaidi la kujua: katika hadithi, Daktari ni manusura. Sayari yake iliteketezwa pamoja na watu wake. Waandishi walibuni hayo muda mrefu kabla ya kumpata mwigizaji kutoka Kigali, lakini ukiyatazama ukiwa hapa, kifua kinabana kidogo.

Kipindi tulichotazama kinaitwa "Boom". Kilirushwa tarehe 18 Mei 2024, na mwandishi wake ni Steven Moffat. Daktari na mwenzake Ruby, anayeigizwa na Millie Gibson, wanatua kwenye sayari ya Kastarion 3, katikati ya vita. Anatoka kibandani mbio, anasikia klik chini ya kiatu, anaganda. Amekanyaga bomu la kutegwa ardhini. Akiondoa mguu litalipuka. Akitikisika litalipuka. Hata moyo ukimwenda mbio litalipuka, basi anaimba polepole ili ajitulize.

Mpwa wangu alivumilia kama dakika tano. "Mjomba, kwa nini asiruke tu, akimbie?"

Nilimwambia swali limechelewa. Bomu la kweli la aina hiyo lingekuwa limeshamaliza kazi.

Mabomu mengi ya kulipua miguu ya watu hayana klik ya kukusubiri. Kuna kifuniko cha mpira au plastiki, na chini yake springi na pini iliyozuiwa. Ukikanyaga, kifuniko kinadidimia kidogo tu, pini inaachiliwa, inagonga fataki, na fataki inawasha baruti kuu. Mlipuko ndani ya TNT husafiri karibu kilomita 7 kwa sekunde. Hakuna nafasi ya mazungumzo, wala ya wimbo. Bomu la Kisovieti la PMN, mojawapo ya yaliyosambaa sana duniani, lina gramu 240 za TNT, yaani pungufu kidogo ya pakiti ya majani ya chai ya robo kilo. Hiyo inatosha kuondoa mguu.

Mitego inayolipuka pale uzito unapoondolewa ipo. Huwekwa chini ya kitu ambacho mtu atataka kukiinua, au chini ya bomu jingine ili kumdhuru anayekuja kulitegua. Lakini hiyo si kawaida ya bomu la kukanyagwa njiani. Sinema zimeipenda klik kwa sababu inampa mwigizaji muda wa kutoka jasho. Siwalaumu sana, ila imani hiyo ina hatari yake: mtu anayedhani bomu litamwonya kwanza anaweza kupita mahali asipopaswa kupita.

Sasa fikiria uzito. Mabomu haya hutengenezwa yashtuke kwa mzigo mdogo, kwa kawaida kati ya kilo 5 na 15. Mtengenezaji anataka lisimkose askari hata akikanyaga kwa ncha ya kiatu. Lakini mtoto wa miaka mitatu ana kilo 14 hivi. Hapo ndipo hesabu ya kiwandani inapogeuka msiba wa kijijini. Ripoti ya kimataifa ya Landmine Monitor ilihesabu kwa mwaka 2023 watu 5,757 waliouawa au kujeruhiwa na mabomu ya ardhini na masalia mengine ya vita. Kati ya wale ambao hali yao ilijulikana, zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa raia.

Kuhusu bomu linalosikiliza mapigo ya moyo, nilikuwa tayari kucheka, halafu nikakumbuka POM-3. Hili ni bomu la Kirusi lililoonekana Ukraine mwaka 2022. Halingoji kukanyagwa. Hurushwa kwa roketi, likatua, likachomeka kihisio ardhini na kusikiliza mitetemo ya nyayo. Mtu akikaribia, linaruka juu na kulipuka. Mtegua mabomu hawezi kulisogelea kwa magoti kama ilivyozoeleka, maana kusogea kwenyewe ndiko linakokungojea. Hapo Moffat hayuko mbali na ukweli, na afadhali angekuwa mbali.

Neno klik lilinirudisha hata hivyo mahali pa furaha zaidi, nalo ni Morogoro, Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu tangu mwaka 2000. Kule klik ni kidude kidogo cha mkononi. Panya akinusa TNT na kuonyesha mahali kwa kukwarua, mkufunzi anabonyeza, klik, na panya anakuja mbio kula ndizi. Sauti inayomgandisha Daktari kwa hofu, kwa panya ni sauti ya chakula.

Panya buku mkubwa ana kilo moja na kitu. Rudi kwenye hesabu yetu ya kilo 5 utaona kwa nini anaweza kutembea juu ya bomu akarudi salama. Pua yake inafanya kazi ambayo mtambo wa chuma unashindwa. Mabomu mengi siku hizi ni ya plastiki, chuma chake hakizidi ukubwa wa sindano, na udongo umejaa misumari, vizibo vya soda na maganda ya risasi. Penye udongo mwekundu wenye madini ya chuma, kama wa milima yetu, mtambo hupiga kelele hata pasipo na kitu. Panya hajali chuma. Yeye anafuata harufu inayovuja polepole kupitia plastiki na kupanda juu ya udongo, na sehemu kubwa ya harufu hiyo si TNT yenyewe bali DNT, uchafu unaobaki ndani yake tangu kiwandani na ambao huvukiza kwa urahisi zaidi. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, panya hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye mtambo anaweza kuchukua siku nne.

Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Kambodia na kugundua mabomu zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimvika nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Mpwa wangu alidhani namtania mpaka nilipomwonyesha picha ya panya mwenye nishani kifuani.

Rwanda haikungoja panya. Mabomu yaliyotegwa hapa katika vita vya 1990 hadi 1994 yalisakwa na wanajeshi wa Ofisi ya Taifa ya Kutegua Mabomu, kwa magoti na kwa mikono, kwenye miteremko ambako mvua inaweza kuhamisha udongo na kilichomo. Nchi ilijiunga na Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu haya mwaka 2000, ikapewa miaka 10 ya kusafisha ardhi yake, na mwishoni mwa 2009, katika mkutano uliofanyika Cartagena, Kolombia, ikatangaza kuwa imemaliza. Mpwa wangu amezurura milima hii tangu utotoni bila kufikiria anakanyaga nini. Anadhani ndivyo dunia ilivyo. Na ilhali sisi tulimaliza, mwaka 2025 Lithuania, Latvia, Estonia, Finland na Poland ziliamua kujitoa kwenye mkataba huohuo kwa kuihofia Urusi.

Nirudi kwa Daktari, bado yuko juu ya bomu lake. (Kama hujakitazama kipindi na hutaki kuharibiwa mwisho, ruka aya nne kuanzia hii.) Siri ya Kastarion 3 ni kwamba adui hayupo. Askari wamenunua silaha kutoka kampuni ya Villengard, na silaha hizo zinaendeshwa na algorithimu iliyopangwa kuua idadi ambayo mteja bado ataivumilia, ili aendelee kununua. Wamekuwa wakipigana na mabomu waliyoyalipia wenyewe. Kuna magari ya wagonjwa yanayojiendesha, na yanapomkuta majeruhi yanapiga hesabu: huyu atapona baada ya muda gani, atagharimu kiasi gani? Hesabu ikiwa mbaya, gari linamuua, linamkandamiza hadi akawa mtungi, na kuiachia familia kivuli chake kinachozungumza.

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala. Fizikia ya bomu Moffat ameikosea, lakini tabia ya mashine ameielewa vizuri kuliko wengi wanaohutubia kuhusu akili unde. Mashine ya kwenye kipindi haichukii mtu. Imepewa namba ya kulinda, nayo inailinda, na kila kisichoandikwa ndani ya namba hiyo hakipo kwake. Bomu la kawaida ni hivyohivyo, ila namba yake ni moja tu, ya kilo. Mwanajeshi, mchunga mbuzi, mtoto: kilo. Daktari amesimama juu ya algorithimu ya kizamani huku akizungukwa na ya kisasa.

Nikawa nawaza Muhanga, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa basi kutoka hapa. Tangu Oktoba 2016 kuna kituo cha kampuni ya Zipline ambako ndege zisizo na rubani hurushwa kwa manati, zikaruka kilomita 100 hivi kwa saa hadi hospitali za wilaya, zikaangusha damu kwa mwavuli mdogo na kugeuza bila kutua. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua haombi mengi zaidi ya dakika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu ilifika haraka kuliko kwa barabara, na kwamba baada ya mwaka mmoja damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67. Hiyo nayo ni mashine inayofuata namba. Kaa Muhanga asubuhi moja, halafu tazama yale magari ya Kastarion 3, utaona kwamba waya, mota na hesabu vinafanana. Tofauti iko kwa aliyekaa mezani siku ile ya kwanza akaamua kipunguzwe nini: dakika za kumfikia mgonjwa, au gharama ya kumtibu.

Mwisho wa kipindi sikuupenda. Kivuli cha baba mmoja aliyeuawa na gari la wagonjwa, ambacho ni programu tu iliyokusanywa kutokana na kumbukumbu zake, kinasambaa ndani ya mtandao wa silaha na kuuzima kwa sababu baba anampenda binti yake. Mpwa wangu alifuta machozi kwa kisingizio cha tangawizi. Mimi nilinung'unika. Baada ya kutueleza kwa dakika 40 kwamba mashine haioni kisichoandikwa ndani yake, mwandishi anaileta mashine inayopenda, bila kutueleza upendo huo umeandikwa wapi. Angewaachia Ruby na wale askari kazi ya kuizima kwa akili zao.

Ila Gatwa! Mguu mmoja hewani, mikono imetanda, hana pa kukimbilia wala pa kujificha, na bado macho yake yanapita kwenye hofu, hasira, mzaha na huzuni kama mtu anayefungua vyumba vya nyumba moja. Waigizaji wengi hupewa sayari nzima wakashindwa kuijaza. Yeye alipewa sentimita 30 za ardhi.

Nakipa 8 kati ya 10. Alama moja nimeikata kwa ajili ya klik, nyingine kwa ajili ya baba.