Mtoto anapohangaika njiani kwenda hospitali

Mtoto wa miaka mitatu amevuta kitambaa cha meza, birika la chai likammwagikia kifuani. Anapiga kelele, anarusha miguu, hataki kuguswa. Mama analia, bibi anaita jirani mwenye gari, na kila aliyepo anataka kumshika. Hapo jeraha husahauliwa, kazi ikawa ni kumkandamiza mtoto tu.

Anza na maji. Mmiminie ya bomba au ya mtungi kwa kata, pale palipoungua tu, kwa dakika 20. Mvue nguo isipokuwa iliyogandia kwenye ngozi. Barafu, dawa ya meno, yai na samli viache jikoni. Maji hupoza jeraha na kupunguza maumivu, na maumivu yakipungua vurugu nayo hupungua. Kisha funika jeraha kwa kanga safi, na mwili uliobaki umfunike asipate baridi.

Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe paracetamol ya maji kwa uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 12 hupata miligramu 180. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Usimpe ikiwa alishapewa muda mfupi uliopita.

Wapo wanaompa piritoni ili asinzie njiani. Huu ni mchezo wa hatari. Daktari atashindwa kujua kama usingizi ule ni wa dawa au ni wa kichwa kilichoumia.

Maana si kila mtoto anayehangaika anasumbuliwa na maumivu au woga. Mwenye pumu, au aliyepaliwa, huhangaika kwa kukosa hewa. Usimlaze chali kwa nguvu, mwache akae anavyopata nafuu. Sukari ikishuka mwilini, malaria ikipanda kichwani, au akianguka na kupigiza kichwa, mtoto anaweza kuwa mkali na asimtambue hata mama yake. Na aliyekuwa akihangaika akinyamaza ghafla, akalegea au midomo ikageuka buluu, msidhani ametulia: hali imezidi, ongezeni mwendo. Mwenye degedege naye hashikwi wala hatiwi kijiko mdomoni, alazwe ubavu.

Ndani ya gari au bajaji azungumze mtu mmoja tu, yule aliyemzoea zaidi. Wengine wanyamaze, hata shangazi. Ampakate kifuani, amwambie kwa maneno machache kinachofuata: "Tunakwenda kwa daktari, mama niko hapa." Kama amezoea kusomewa sura fupi wakati wa kulala, asomewe kwa sauti ya chini, kwani sauti aliyoizoea humtuliza. Msimtishe kwa sindano, na msimwapie kuwa hatachomwa. Akishaona sindano baada ya ahadi hiyo, hatamwamini tena yeyote mle chumbani, na muuguzi ndiye atakayepata taabu.

Mkifika, mwambieni daktari saa tukio lilipotokea, dawa mliyompa na kiasi chake, na kama alitapika au kupoteza fahamu. Ikiwa amekunywa mafuta ya taa au dawa ya mtu mzima, msimtapishe. Chukueni chupa yenyewe mwende nayo.