Gari la Zamani na Mafuta ya Mjini: Tupime Kabla ya Kulaumu

Katika familia nyingi za mjini, gari si anasa tena. Ndilo linalowapeleka watoto madrasa na shule, ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitali, na ndilo linalobeba mzigo wa dukani. Aghalabu gari hilo ni saluni ya Kijapani iliyokwisha kula chumvi nyingi, kama zile Toyota Corolla za toleo la E110 zilizotengenezwa Japani kati ya mwaka 1995 na 2000. Na katika familia hizo hizo, hakuna neno linalorudiwa mara nyingi kama hili: "Gari hili linakula mafuta."

Neno hilo lina madhara yake. Mara baba humtuhumu kijana anayeendesha kwamba anazurura nalo. Mara mwenye gari humdhania dereva kuwa anachota mafuta. Mara fundi huambiwa abadilishe kifaa hiki na kile, fedha ikatoka na tatizo likabaki. Yote hayo hutendeka pasi na mtu yeyote kushika kalamu akapiga hesabu. Tuonavyo sisi, kabla ya kumlaumu mtu au kulihukumu gari, ni wajibu kupima.

Kosa la kwanza ni kupima kwa shilingi. Mtu husema, "Zamani elfu thelathini ilinitosha siku tatu, sasa hainitoshi mbili." Hicho si kipimo. Hapa Tanzania bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA kila mwezi, hupanda na kushuka, na fedha ile ile haileti lita zile zile. Kosa la pili ni kutegemea mshale wa geji, kwani katika magari mengi mshale huo haushuki kwa uwiano mmoja tangu tangi limejaa hadi linapokaribia kukauka.

Kipimo sahihi ni chepesi. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Tumia gari kama kawaida yako. Litakapokaribia robo tangi, rudi katika kituo kile kile na ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena mpaka bomba likate, na uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita hizo. Rudia mara tatu, kwa kuwa mjazo mmoja unaweza kudanganya.

Tuchukue mfano. Mara ya kwanza gari limekwenda kilomita 288 kwa lita 32. Mara ya pili kilomita 294 kwa lita 30. Mara ya tatu kilomita 252 kwa lita 30. Jumla ni kilomita 834 kwa lita 92, yaani kilomita 9 na kidogo kwa kila lita. Hiyo ndiyo hali ya gari lako, wala si ile siku moja iliyokupendeza au kukuudhi.

Je, kilomita 9 kwa lita ni haki? Kwa makisio yetu, saluni kuukuu yenye injini ya sisi 1,500 na gia za otomatiki, ikitumika mjini tu, isiulizwe sana ikiwa inakwenda kati ya kilomita 9 na 12 kwa lita. Ya sisi 1,800 itashuka kidogo, na ya sisi 2,000 itashuka zaidi. Chini ya kilomita 7 kwa injini ndogo, hapo kuna jambo la kuchunguza, ila kwanza tuitazame foleni.

Injini ikiunguruma gari likiwa limesimama, hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na kiyoyozi huongeza. Chukua safari ya kilomita 15 kutoka pembezoni mwa Dar es Salaam hadi Kariakoo. Barabara ikiwa wazi, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita moja na nusu. Likisimama foleni kwa jumla ya saa nzima, ongeza robo tatu ya lita au zaidi kidogo, tuseme lita 0.8. Sasa umetumia lita 2.3, na hesabu imeanguka hadi kilomita 6 na nusu kwa lita. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, na hakuna aliyechota kitu.

Wala tusidanganyike na takwimu zinazosomwa katika matangazo ya wauza magari. Magari ya Japani ya miaka ile yalipimwa kwa utaratibu ulioitwa 10-15, ambao ulifanyika katika maabara na mwendo wake haukuzidi kilomita 70 kwa saa. Wamarekani nao walilazimika kubadili namna yao ya kukokotoa kuanzia magari ya mwaka 2008, kwa sababu takwimu za awali zilikuwa nzuri kuliko hali halisi ya barabarani. Ukikuta takwimu ya Kimarekani ya maili 24 kwa galoni, fahamu kwamba ni takriban kilomita 10 kwa lita.

Ikiwa foleni haitoshi kueleza upungufu, anza na visivyo na gharama. Pima upepo wa matairi. Punguza mizigo iliyosahauliwa kwenye buti. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, huenda breki inashika. Kisha mwambie fundi aangalie plagi, themostati iliyokwama wazi na kuifanya injini isipate joto lake, na sensa ya oksijeni. Sensa hiyo ikiharibika, injini huweza kumimina mafuta kupita kiasi, na mara nyingi taa ya injini kwenye dashibodi huwaka. Mpimie fundi kwa mashine kwanza. Asibadilishe kwa kubahatisha.

Halafu linganisha faida na gharama. Familia inayokwenda kilomita 1,000 kwa mwezi, gari likitoka kilomita 7 hadi 9 kwa lita, itaokoa lita 32 hivi kila mwezi. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, ndipo utajua kama matengenezo yatajilipa ndani ya miezi mitatu au miaka mitatu.

Na anayeamua kuliuza, amwoneshe mnunuzi daftari lake la lita na kilomita kama lilivyo. Kadhalika anayenunua, aulize daftari hilo kabla ya kuuliza rangi. Daftari la shilingi chache likiwekwa ndani ya gari litamwepusha kijana na tuhuma, litampa fundi pa kuanzia, na litawarudishia wenye nyumba utulivu ambao manung'uniko ya kila siku yalikuwa yameuondoa.